Viboko wa Ziwa Edouard: toka 29,000 hadi mia chache

Mwezi wa nne mwaka 2025, mizoga ya viboko ilionekana ikielea juu ya mto Ishasha, ule unaopita mpakani mwa Kongo na Uganda kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Edouard. Vipimo vilionyesha kwamba wameuawa na kimeta, ugonjwa wa bakteria anayeweza kulala ndani ya udongo miaka mingi na kuamka tena mnyama anapokula majani au kunywa maji ya mahali pale. Viboko wasiopungua 50 walikufa, pamoja na wanyama wengine wakubwa wakiwemo nyati. ICCN, taasisi ya serikali inayohifadhi mazingira, iliwaonya wakaaji wa kandokando wasiguse wala kula nyama ya wanyama hao, na wachemshe maji ya mto kabla ya kuyatumia.

Kwa mtu wa mbali, viboko 50 ni habari ndogo katika mkoa uliojaa habari kubwa. Lakini wakati ule Hifadhi ya Virunga nzima ilikuwa na viboko karibu 1,200 tu. Mzee aliyekulia Vitshumbi katika miaka ya 1970 aliweza kuwaona 50 mahali pamoja, asubuhi moja, bila kuwatafuta.

Habari ya mnyama huyu inafaa kuanzia kwenye jina lake, maana Wakongomani walilijua kwa uchungu. Wakati wa Mfalme Leopold II, mjeledi uliotumika kuwachapa watu waliochelewa kuleta mpira au kubeba mizigo ulikatwa katika ngozi ya kiboko iliyokaushwa. Wafaransa na Wabelgiji waliuita chicotte. Katika Kiswahili mjeledi na mnyama vikabaki na jina moja, na hadi leo mtoto akiambiwa atakula kiboko, hafikirii nyama.

Hifadhi yenyewe ilitangazwa tarehe 21 mwezi wa nne 1925, ikapewa jina la Mfalme Albert. Mwanzoni ilihusu milima ya volkano tu, kwa ajili ya sokwe wakubwa wa milimani. Katika miaka kumi iliyofuata ilipanuliwa mara kadhaa, ikameza tambarare za Rwindi na Rutshuru na upande wote wa Kongo wa Ziwa Edouard. Ziwa lilikuwa na watu. Katika miaka hiyo wakoloni waliwaondoa wavuvi pwani, kwanza kwa sababu ya ugonjwa wa malale, halafu kwa sababu ya hifadhi. Watu waliohamishwa kwa jina la mnyama hawasahau upesi, na kila mara utawala ulipoanguka baadaye, hasira hiyo ilirudi ufukweni pamoja nao. Wanaoshangaa kwa nini mwanakijiji amruhusu mwenye bunduki kumpiga kiboko wangefaa kuanzia hapo.

Baadaye uvuvi uliruhusiwa tena, chini ya ushirika na kwa masharti. Vituo vitatu vilitambuliwa: Vitshumbi kusini, Nyakakoma karibu na Ishasha, na Kyavinyonge kaskazini, pale mto Semliki unapotoka ziwani. Idadi ya mitumbwi iliwekewa mpaka, na ukubwa wa matundu ya nyavu vilevile. Samaki wa ziwa hilo, hasa tilapia, walilisha Butembo, Rutshuru na Goma.

Viboko nao waliongezeka. Upande wa Uganda, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, walikuwa wengi kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 wakuu wa hifadhi waliamua kuwapiga risasi kwa maelfu, kwa sababu majani ya ufukweni yalikuwa yamelika hadi udongo. Upande wa Kongo hilo halikufanyika. Uhuru ulipofika mwaka 1960 na Wabelgiji wengi wakaondoka, walinzi wa Kikongomani waliendelea na doria katika nchi iliyokuwa inawaka moto. Mwaka 1969 hifadhi ikaitwa Virunga. Hesabu ya katikati ya miaka ya 1970, wakati ramani ziliita ziwa hili Ziwa Idi Amin, ilitoa viboko wapatao 29,000. Hakuna mahali pengine duniani palipojulikana kuwa na wengi kama hao pamoja. Mwaka 1979 UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu uhusiano wa kiboko na sahani ya chakula hauonekani kwa macho. Kiboko hukaa majini mchana kutwa, maana ngozi yake hukauka na kupasuka juani. Jua likizama hupanda nchi kavu kula majani, kama kilo 40 kwa usiku mmoja, kisha hurudi majini na kunya humo. Zidisha kwa 29,000: ni zaidi ya tani 1,000 za majani kila usiku, na sehemu kubwa ya mabaki yake ikishuka katika mito na ziwa. Kinyesi hicho ni mbolea. Huotesha vimelea vya kijani vidogo mno ndani ya maji, na vimelea hivyo ndivyo tilapia wanavyokula. Kwa njia hiyo majani ya Rwindi yalikuwa yakigeuka samaki, na aliyeyabeba hadi majini alikuwa kiboko.

Wengi huanza hadithi ya kuangamia kwake na wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994. Si haki. Ni kweli kwamba kambi za Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga zilikuwa kando kabisa ya hifadhi, na miti mingi ilikatwa kwa kuni. Mwaka huohuo Virunga iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Lakini kabla ya mkimbizi wa kwanza kuvuka mpaka, zaidi ya nusu ya viboko walikuwa wameshatoweka. Walipigwa katika miaka ya mwisho ya Mobutu, na waliowapiga kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa serikali wenyewe: wanajeshi wasiolipwa mshahara, waliopewa bunduki na kuachwa wajitafutie. Kiboko mzima hupita kilo 1,000 kwa uzito, na anasimama mahali pamoja mchana kutwa. Tena mwaka 1989 dunia ilipopiga marufuku biashara ya pembe za ndovu, wanunuzi waligeukia meno ya kiboko, ambayo yanaweza kufika nusu mita na hayakukatazwa kwa namna ileile.

Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Kila jeshi na kila kundi lililokaa ufukweni lilikula palepale na kuuza kilichobaki. Mwaka 2003 viboko waliohesabiwa walikuwa kama 1,300. Mwaka 2005 walikuwa chini ya 1,000. Mwezi wa kumi 2006 kundi moja la Mai-Mai lilipiga kambi karibu na ziwa, na ndani ya wiki mbili viboko zaidi ya 400 waliuawa, kwa taarifa za waliokuwa wakiwafuatilia. Walibaki mia chache tu.

Mwaka huohuo wa 2006, umoja wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, ulimwandika kiboko kwa mara ya kwanza kati ya wanyama walio hatarini, ukitaja hasa Kongo, ambako idadi ilikuwa imeshuka kwa asilimia 95. Daraja alilopewa ni lile la wanyama walio katika hatari ya kutoweka wasipolindwa. Juu yake yapo madaraja mawili mabaya zaidi kabla ya mnyama kutoweka kabisa porini. Bado yuko daraja hilohilo. Biashara ya meno yake haikukatazwa, inadhibitiwa kwa vibali tu tangu 1995. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, nchi kadhaa za Afrika ziliomba ikatazwe kabisa. Ombi lilishindwa. Nchi za kusini mwa Afrika zenye viboko wengi zilipinga, na ukitazama kwa macho yao zina hoja: Zambia haikupoteza viboko wake kama Kongo. Lakini jino likishafika sokoni halisemi limetoka mto gani.

Samaki je? Walipungua, tena wakawa wadogo. Ingekuwa rahisi kusema ni kwa sababu ya viboko peke yao, lakini haingekuwa kweli yote. Vijiji vya uvuvi visivyotambuliwa vilizuka upande wa magharibi wa ziwa. Familia zilizokimbia mapigano vilimani zilishuka pwani kwa sababu ziwa halihitaji shamba. Mitumbwi ilipita mbali idadi iliyowekwa, nyavu za matundu madogo zikatupwa hadi kwenye mazalio ya samaki, na wenye silaha wakatoza kodi badala ya kuzuia. Ziwa lilipunguziwa chakula wakati huohuo lilipokuwa linavuliwa kuliko zamani.

Baada ya 2006 walinzi walirudi kidogo kidogo kwenye mito, na viboko wakaanza kuongezeka hadi kupita tena 1,000. Kazi hiyo ina makaburi. Zaidi ya walinzi 200 wa Virunga wameuawa kazini, wengi wao vijana wa vijiji vya karibu. Siku moja ya mwezi wa nne 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12, dereva wao na raia wanne.

Mwezi wa tatu 2024 vita vilifika Rwindi na Vitshumbi. Wavuvi na wauza samaki wengi walikimbia, na miongoni mwa familia zilizolala kwenye mahema kando ya Goma walikuwemo waliozaliwa ufukweni. Mahali ambapo mlinzi hafiki, hakuna anayehesabu. Kimeta kilipozuka mwaka uliofuata, kuifikia mizoga ili izikwe ilivyotakiwa ilikuwa kazi ngumu, kwa kukosa njia na vifaa. Ugonjwa wenyewe si mgeni: mwaka 2004, ng'ambo ya Uganda, uliua viboko karibu 300 katika ziwa na mfereji uleule wanaoutumia wote, maana mnyama havuki kwa pasipoti. Wakati ule walikuwepo wenzao wa kuziba pengo.

Kiboko jike hubeba mimba miezi minane na huzaa mtoto mmoja, kisha hupita kama miaka miwili kabla ya mwingine. Porini huanza kuzaa akiwa na miaka saba au zaidi. Ndama wa kike aliyezaliwa Ishasha mwaka ule wa kimeta, akinusurika ugonjwa na risasi, hatarajiwi kuwa na mtoto wake kabla ya 2032.