Kolwezi na mfuko wa bunga: historia yetu ya kujipanga kabla ya shida

Siku hizi kila ukifungua simu ni vita: Ukraine, Gaza, Sudani, na hapa kwetu Goma na Bukavu. Kiisha zinafuata video za kufundisha watu namna ya kujipanga: nunua betri kubwa, nunua makopo ya chakula ya mwaka mzima, jenga chumba chini ya ardhi. Video zile zilitengenezwa kwa watu wenye friji mbili na gari mlangoni. Mimi nilifanya lisansi ya agronomia, si ya historia. Lakini nimejaribu kusoma historia ya Kolwezi nikiwa na kalenda ya shamba mkononi, na naona mji huu unatufundisha kuliko video zote. Somo lenyewe ni hili: vita haichagui mwezi, lakini njaa inachagua.

Ghala haikuwa nyumbani

Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi ukaanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba. Wafanyakazi waliletwa toka mbali, wakapewa nyumba, hospitali, masomo ya batoto, na posho: bunga, mafuta, samaki, chumvi. Posho ilihesabiwa kufuatana na ukubwa wa jamaa. Toka miaka ya kwanza ya shaba, sehemu kubwa ya bunga ilipanda treni kutoka kusini, Rhodesia ya Kaskazini, inchi tunayoita leo Zambia.

Bazee walisema: kazi njo baba, kazi njo mama. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini tuangalie vizuri maana yake. Mtu wa kijiji alikuwa na ghala yake nyuma ya nyumba. Mtu wa mji alikuwa na jina kwenye orodha, na ghala ilikuwa ya kampuni. Siku kampuni inakohoa, nyumba yote inalala njaa.

Hata vita vya mbali vilipita njia hiyo. Kati ya 1939 na 1945 hakuna bomu lililoanguka Katanga. Shaba yetu ilihitajiwa sana, bei za vitu zilipanda, mishahara ikabaki nyuma. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, na tarehe 9 askari waliwapiga risasi ndani ya uwanja wa mpira pale Élisabethville, leo Lubumbashi. Vita ya dunia iliingia kwetu kupitia bei ya sokoni.

Mwezi wa tano 1978

Kiisha vita ilikuja yenyewe. Njia ya reli ya Benguela, inayoshuka mpaka bandari ya Lobito, ilikuwa imefungwa toka 1975 sababu ya vita ya Angola. Tarehe 13 Mei 1978, siku ya posho, wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola waliingia Kolwezi. Tarehe 19 askari wa Ufaransa walishuka na miavuli, kesho yake wakafika Wabelgiji. Mamia ya watu walikufa, weusi na weupe. Zile siku sita za kwanza, watu wengi walijifungia ndani: sokoni hakuna mtu, magazini zimefungwa au zimevunjwa.

Nkambo yangu mwanamke alikuwa Musonoi. Kila mara alipotusimulia, hakuanza na miavuli. Alianza na mihogo. Alikuwa na mistari michache nyuma ya nyumba, na mahindi ya mavuno yaliyotoka tu kuanikwa. Jamaa tatu za jirani zilikula pale. Maji ndiyo yaliwasumbua kuliko chakula.

Mwana-agronomia akisikia hadithi hiyo, anauliza kwanza: ilikuwa mwezi gani? Kwetu mvua inaanza karibu na mwezi wa kumi, mahindi yanapandwa mwezi wa kumi na moja, yanavunwa mwezi wa ine na wa tano. Kwa hiyo vita ya 1978 ilikuta mahindi mapya yametoka shamba. Kama ingekuja mwezi wa pili, wakati ghala imeisha na mahindi mapya bado mabichi, nkambo angesimulia mambo mengine.

Pesa nayo inakufa

Kuna anayesema: mimi naweka pesa, bunga nitanunua. Sawa. Lakini tarehe 25 Desemba 1979 Mobutu aliondoa noti za zaïre 5 na 10, na muda wa kubadilisha ulikuwa mfupi sana. Waliokuwa na akiba chini ya godoro walibaki na karatasi. Mwaka 1993 ikaja pesa mpya: zaïre 3,000,000 za zamani kwa moja mpya.

Miaka hiyo njo ghala ya kampuni nayo ilianguka. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwishoni mwa 1991 kulikuwa pillage. Hesabu mwezi tena: mwisho wa mwaka, watu wanatafuta mbegu, chakula kinaelekea kuisha. Kufuatia hapo, Wakasai wengi walifukuzwa Katanga, watu walilala kwenye stesheni wakingoja treni, na jirani akawa adui. Gécamines ikakaa miezi mingi bila kulipa, mpaka mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipotolewa na pesa ya mara moja. Nyumba zilizoishi zile zilikuwa na shamba, au na mama aliyejua kuuza.

Nikipita Kingamyambo nawaza jambo moja. Pale kampuni ilimwaga mabaki ya mawe yaliyosagwa, miaka na miaka. Leo mabaki yale yanaoshwa tena, shaba na kobalti zinatoka. Hata vumbi halikupotea. Lakini jamaa za wafanyakazi walewale zilitoka bila mfuko wa mahindi.

Na sisi leo?

Tusicheke bazee. Sisi tunaotafuta kazi kwenye kampuni za madini tunarudia mambo yaleyale. Vita ya Ukraine ilipoanza mwaka 2022, mbolea ilipanda bei dunia nzima. Mwanzoni mwa 2024 ukame ulipiga Zambia mpaka serikali yao ikatangaza hali ya maafa. Mwezi wa nane mwaka huohuo walifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache, sababu ya ugomvi wa vinywaji. Ugomvi wa bia tu, na makamyo yamesimama! Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha kuuza kobalti nje, miezi mine kwanza, kiisha ikaongeza. Mwezi uliotangulia, Goma, benki zilifunga, maji na umeme vilikatika.

Kwa hiyo, nyumba ijipange namna gani? Nasema yale yanayofaa kwetu.

*Bunga.* Jamaa ya watu sita inakula karibu kilo 2 na nusu kwa siku. Mifuko mitatu ya kilo 25 ni mwezi mmoja. Lakini usiweke bunga mingi, unaharibika upesi. Weka mahindi makavu, nunua mwezi wa tano na wa sita wakati bei iko chini. Kabla ya kuyafunga, tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Yakikauka, jaza bidoni safi mpaka juu, funga kabisa. Ndani hewa inaisha, vidudu vinakufa.

*Mihogo.* Hii ni ghala isiyoibiwa kirahisi. Inakaa udongoni mwaka mmoja na zaidi ikikungoja, na majani ni sombe. Ile chungu lazima uiloweke siku tatu au ine. Na usipande karibu na maji yanayotoka kwenye mashimo au mahali pa kuosha mawe, ule udongo una madini.

*Maji.* Bidoni moja ya lita 20 kwa siku ndiyo kiasi cha kunywa na kupika kwa watu sita. Weka tano zimejaa kila wakati, ubadilishe maji kila wiki.

*Pesa na karatasi.* Gawanya: kidogo kwa simu, kidogo noti ndogo mkononi, kidogo kwa vitu. Kopi za diplome na karte ziwe nyumba mbili tofauti. Na jamaa wote wajue mahali pa kukutania.

Najua mtaniuliza: nani ana pesa ya mifuko mitatu? Mbona hata mashamba yamekwisha kuingia ndani ya makonsesyo? Ulizo ni la kweli, na mtu mmoja hawezi kulijibu peke yake. Lakini likelemba tunaijua. Watu kumi wa chama wakichanga kila mwezi, mwezi wa tano wanashuka vijijini kununua mahindi pamoja, kila mtu anapata mfuko wake. Na kodi ya madini: sheria ya 2018 inapeleka 15 kwa mia ya redevance kwa komini na sekta zetu. Sisi wenye diplome tunaweza kusoma hesabu zile na kuuliza: ghala ya mtaa iko wapi, shamba la mji liko wapi?

Bazee hawakuwa na nafasi ya kuuliza. Sisi tunayo. Tuanze likelemba ya mahindi mwaka huu, mbele ya mavuno. Wanaotaka, waandike jina chini hapa na mtaa wao.