Kungwi, Somo na Binti wa Shule

Hunenwa mara nyingi ya kwamba wazee wetu hawakuwafunza vijana mambo ya uzazi, kwa kuwa waliona haya. Neno hili si kweli. Wazee walifunza sana, walakini hawakuwafunza watoto wao kwa vinywa vyao wenyewe.

Desturi ya pwani ni hii: mama hamfundishi binti yake. Binti akivunja ungo hukabidhiwa somo yake, kisha huingia unyagoni kwa kungwi, naye humfunza habari ya hedhi na usafi wake, adabu za nyumba ya mume, mimba na kujifungua. Mafunzo hayo yalitiwa katika mizungu, yaani nyimbo na mafumbo yenye maana ya ndani, asiyechezwa asiyajue. Unyago huo ni katika mambo aliyoyaandika Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903.

Kusini, Wayao wana lupanda kwa wavulana na chiputu kwa wasichana. Huko Masasi, Padre Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu mwaka 1926, hakupenda kuifuta jando. Aliitengeneza upya iwe ya Kikristo. Kwa wavulana aliweza kusimamia mwenyewe. Lakini mambo ya wasichana yalikuwa mikononi mwa wanawake wazima, wala padre hana mlango wa kuingilia.

Tusiusifu unyago kupita kiasi. Ulimweka binti tayari kwa ndoa iliyokuwa karibu, na mafunzo mengi yalikuwa ya kumpendeza mume. Binti wa sekondari huvunja ungo, na ndoa yake ingali mbali miaka mingi. Kwa miaka hiyo ya katikati mizungu haina maneno mengi.

Je, shule inayo? Neno lenyewe la kutazama ni hili, somo. Zamani somo alikuwa mtu, mwenye siri ya mwali. Shuleni somo ni jambo lisomwalo, na mambo ya uzazi yamo katika somo la Baiolojia, nalo katika sekondari za Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza. Basi binti aweza kuandika katika mtihani majina yote ya viungo vya uzazi, asiwe na neno moja la Kiswahili la kumwambia mtu kwamba ameumwa, au kwamba siku zake zimepita. Mizungu hakuichezwa, mamaye, kwa desturi ile ile, amenyamaza.

Kimya hicho kimewagharimu wengi. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba nchini Tanzania aliondolewa shuleni, na mwaka 2017 Rais alitamka wazi kwamba aliyezaa hatarudi. Ndipo mwezi wa Novemba 2021 Serikali ikawafungulia mlango warudi madarasani. Mlango huo ni wa yule aliyekwisha kuzaa; wa kumfunza kabla ya hapo ni mwingine.

Katika shule za bweni yuko mwanamke mmoja aliyeshika nafasi ya kungwi pasipo kupewa jina lake, ndiye matroni. Kwake hupelekwa habari za hedhi na za maumivu. Lakini wasichana wengi humwita mama, na mama ndiye ambaye desturi ilimfunga kinywa.