Nyota Mbele ya Kioo cha Picha

Tukitazama picha za zamani za ndani ya kanisa kubwa, mara nyingi twaona altare inang'aa katikati, na watu wa pembeni wamezama gizani. Tusimlaumu mpiga picha upesi. Nuru inayoingia kwa mshazari wa digri 60 husafiri njia mara mbili, basi nguvu yake hubaki robo. Tundu la kioo, likitazamwa toka upande, huonekana limebanwa nusu, kama mdomo wa kikombe. Tena nuru hufika imelala, ikapungua nusu nyingine. Hivyo ukingoni hufika sehemu moja tu ya 16.

Mwaka 1900, Emil von Höegh, fundi wa nyumba ya Goerz huko Berlin, alitunga kioo kiitwacho Hypergon, chenye kuona zaidi ya digri 130. Wapiga picha za majengo walikihitaji mahali pembamba. Lakini katikati pangeungua kabla pembeni hapajapata nuru! Dawa yao yatupendeza: nyota ndogo mbele ya kioo, iliyozungushwa kwa pumzi ya mpira uliominywa mkononi. Nyota iliziba katikati. Kisha ikaondolewa, katikati napo pakapata nuru kwa muda mfupi.

Siku hizi kamera zenyewe huongeza mwanga wa pembeni kwa hesabu. Lakini nuru isiyofika haiumbwi: ikikuzwa mno, sura hujaa chengachenga. Kwa picha ya Komunyo ya kwanza, heri mpiga picha arudi nyuma hatua chache, watoto wa mwisho wa mstari nao waonekane.