Kutoka Meza ya Ofisi hadi Majengo: Historia ya Kompyuta za Gemu Embu na Meru

Kompyuta ya gemu katika mitaa ya Majengo, wa Embu na wa Meru, mara nyingi haikutengenezwa kwa ajili ya gemu. Ilianzia kwenye meza ya karani wa benki, shule au halmashauri fulani ya Ulaya, ikafanya kazi miaka mitatu hadi mitano, ikaondolewa dhamana yake ilipokwisha, ikapakiwa kwenye kontena hadi Mombasa na hatimaye ikauzwa Nairobi kwa jina la "ex-UK". Kuiongezea nguvu mashine iliyozeeka au kuunda nyingine upya ni suala ambalo kwingineko huamuliwa na mfuko na mapenzi ya mwenyewe. Hapa limeamuliwa zaidi na kilichomo ndani ya kontena.

Mitaa yenyewe imezitangulia mashine hizi kwa miongo mingi. Waingereza waliweka kituo cha utawala Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya bara, kando ya kituo palikua mtaa wa wafanyabiashara, askari, wapagazi na mafundi, wengi wao Waislamu wenye kuzungumza Kiswahili. Nyumba za mitaa ya namna hii zilikuwa na vyumba pande mbili za ujia mmoja. Vya ndani vilipangishwa, na cha mbele kinachotazama barabara kikawa duka au karakana. Humo ndimo cherehani, baiskeli na baadaye redio zilipotengenezwa.

Fundi wa redio ndiye babu wa fundi wa kompyuta, na si kwa sababu ya chuma cha kuyeyushia risasi pekee. Alirithisha mazoea ya kutotupa kitu: redio iliyokufa iliwekwa rafuni ili spika yake au kapasita yake iponye nyingine. Serikali ilichukua muda kuitambua kazi hii. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ndiyo iliyoanza kuipa uzito sekta isiyo rasmi, na Waraka wa Bunge namba 2 wa mwaka 1992 ukaweka sera ya biashara ndogo na jua kali.

Kwamba kompyuta inaweza kubadilishwa kipande kimoja kimoja ni matokeo ya maamuzi ya kibiashara yaliyofanywa mbali. IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981 ilitumia vipuri vya makampuni mengine na kuchapisha maelezo ya mpangilio wake. Mwaka uliofuata Compaq ikatangaza mashine iliyoendesha programu zilezile, na waigaji wengine wakafuata. Mwaka 1995 Intel ikatoa kanuni ya ATX iliyopanga mahali pa skrubu, umbo la pawa saplai na plagi yake. Tangu hapo ubao mama wa kampuni moja uliweza kukaa ndani ya kasha la kampuni nyingine. Makampuni makubwa yanayouzia ofisi yaliifuata kanuni hiyo pale tu ilipoyafaa, na ukaidi huo umewagharimu wachezaji wa Majengo kuliko upungufu wowote wa prosesa.

Katika Kenya ya miaka ya 1980, kompyuta ilikuwa mali ya mashirika makubwa. Udhibiti wa fedha za kigeni ulipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, waagizaji wadogo walipata nafasi. Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Wakenya waliokuwa wakisoma Marekani, ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kuuza huduma ya intaneti, na saiba zikafuata mji baada ya mji. Mwaka 2002 shirika la Computers for Schools Kenya lilianza kukarabati mashine zilizotolewa msaada na kuzipeleka shuleni, hivyo vijana wengi wakaigusa kibodi kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta ambayo tayari ilikuwa imestaafu kwingine. Embu, ikiwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi mwaka 2013, ilikuwa na ofisi nyingi za serikali, na kila ofisi ilihitaji mtu wa kuzihudumia mashine zake.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, saiba zilipata kasi. Zilipoingia huduma za serikali za mtandaoni za eCitizen na iTax miaka michache baadaye, zikapata wateja wa kudumu. Mashine ileile iliyojaza fomu za kodi za KRA mchana ingeweza kuchezewa gemu usiku, ilimradi mwenye saiba akubali.

Hata hivyo, mlango wa kwanza wa gemu mitaani haukuwa kompyuta. Ulikuwa kibanda cha PlayStation, ambamo televisheni kadhaa zilipangwa ukutani na vijana wakalipa kwa mechi. Kompyuta iliingia kupitia gemu zilizonakiliwa kutoka diski moja hadi nyingine, na hakuna iliyosambaa kama Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka kwenye kompyuta mwaka 2005. Ilihitaji prosesa ya gigahezi 1, ramu ya megabaiti 256 na kadi ya grafiki yenye megabaiti 64. Mashine za ofisi zenye Pentium 4 zilikuwa na prosesa ya kutosha na ziada. Kilichokosekana kilikuwa kadi tu, na kadi ndogo ya AGP au ya PCI Express ilitosha. Katika kipindi hicho swali la kuunda upya halikuwa na maana yoyote: tofauti kati ya mashine ya kazi na mashine ya gemu ilikuwa kipuri kimoja.

Gemu iliyofuata kupendwa kwa kiwango hicho katika mfululizo uleule ndiyo iliyovunja hesabu hiyo. Grand Theft Auto V ilifika kwenye kompyuta Aprili 2015 ikidai, kwa uchache, prosesa yenye viini vinne kama Core 2 Quad Q6600, ramu ya gigabaiti 4, kadi yenye gigabaiti 1, Windows ya biti 64 na gigabaiti 65 za diski. Mashine nyingi za ex-UK za wakati huo zilikuwa na Core 2 Duo. Kuziongezea kadi pekee hakukutosha. Ilibidi prosesa, ramu na diski vibadilishwe pamoja, na jumla yake ikakaribia bei ya kununua mashine ya kizazi kipya zaidi. Ndipo njia ya tatu ilipopata umaarufu, nayo ndiyo iliyotawala tangu wakati huo: kuuza ya zamani, kununua ya ofisi iliyo changa kidogo, kisha kuihamishia diski na kadi.

Mashine iliyofaa zaidi kwa njia hiyo ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, pamoja na ndugu zake wa HP wa miaka ileile. Ikifika kwa fundi, kasha lake jembamba hufunguliwa kwa kuvuta kitasa bila bisibisi. Vumbi jekundu hupulizwa nje. Vipande vya ramu huchomolewa, na meno yao ya rangi ya dhahabu husuguliwa kwa ufutio wa penseli, dawa rahisi inayofufua mashine nyingi zilizodhaniwa zimekufa. Betri ya duara ya CR2032 hubadilishwa, kwa kuwa ikiisha saa ya mashine hurudi nyuma miaka mingi na tovuti zikakataa kufunguka. Krimu ya joto iliyokauka juu ya prosesa hufutwa na kupakwa nyingine. Diski ya kuzunguka huondolewa na SSD kuwekwa, na mpaka hapo mwenye mashine hukuta hakuhitaji mpya. Alihitaji usafi na SSD.

Gemu ndiyo huhitaji hatua moja zaidi, na hapo pawa saplai hutoa hukumu. Pawa saplai ya OptiPlex 7010 nyembamba ni ya wati 240. Prosesa ya Core i5-3470 hukadiriwa kula wati 77. Kadi ya GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016 ikiwa na gigabaiti 4, hula wati 75, na wati 75 ndicho kikomo ambacho tundu la PCI Express linaruhusiwa kutoa bila waya wa ziada. Hesabu inakubali, tena nafasi inabaki kwa ajili ya diski na feni. Kwa kuwa kulikuwa na toleo fupi la kadi hiyo lenye bamba la nusu kimo, iliingia hata kwenye kasha jembamba. Ni kadi chache katika historia zilizowafaa watu ambao watengenezaji wake hawakuwafikiria kwa kiasi hicho. Aliyekosa fedha alichukua GT 1030 ya mwaka 2017, yenye kula wati 30 tu, akapunguza ubora wa picha na kuendelea kucheza.

Aliyetaka kwenda mbele ya hapo alikutana na ule ukaidi wa makampuni. OptiPlex 9020 ya mwaka 2013 iliacha plagi ya kawaida ya pini 24 na kutumia ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ya mwaka huohuo ikatumia ya pini 6. Kuweka pawa saplai kubwa kulihitaji adapta, na katika kasha jembamba pawa saplai ya kawaida haikuenea hata kidogo. Baadhi ya mafundi waliiacha ikae nje ya kasha, nyaya zikipita kwenye upenyo wa nyuma. Inafanya kazi, ingawa si kazi ya kuonyesha mteja mwenye watoto wadogo.

Kuunda mpya kulikuwa na hoja zake. AMD ilipotoa prosesa za Ryzen mwaka 2017 kwenye soketi ya AM4, ilitoa pia jambo ambalo Intel haikuwa na desturi nalo: ubao mmoja uliopokea vizazi kadhaa vya prosesa, hadi Ryzen 5000. Mtu angeweza kuanza na prosesa ya chini na kupanda taratibu. Intel, kinyume chake, ilikuwa ikibadilisha soketi karibu kila baada ya vizazi viwili. Vipuri vipya viliagizwa Nairobi, katika maduka ya Luthuli na Moi Avenue, vikapanda matatu kama kifurushi kupitia barabara ya Thika hadi Embu, au vikaendelea kupita Runyenjes na Chuka hadi Meru. Kipuri kibovu kilirudi kwa njia ileile, nauli juu ya mnunuzi.

Kuja kwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu, mwaka 2016, kuliongeza vijana wenye kujua wanachokitaka. Lakini bei za kadi zilikuwa mikononi mwa wengine. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizifagia kati ya 2017 na 2018, kisha tena kuanzia 2020, wakati viwanda vya chipu vilipokuwa vimezidiwa. Wengi waliounda wakati huo walichagua prosesa yenye grafiki ndani yake, kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021, wakisubiri kadi zishuke. Zilianza kushuka mwaka 2022, na Ethereum ikaacha uchimbaji Septemba mwaka huo. Radeon RX 6400 ya mwaka huo, fupi na yenye kula wati 53, ilionekana mrithi wa 1050 Ti, ila ilitumia njia nne tu za PCI Express, na kwenye mbao mama za zamani ilipoteza sehemu ya nguvu zake.

Umeme nao una sehemu yake katika hesabu. Mvua za masika huleta kukatika kwa stima, na stima ikirudi kwa kishindo pawa saplai ya bei nafuu ndiyo hufa kwanza, wakati mwingine pamoja na ubao. Pawa saplai za mashine za ofisi ni imara kuliko nyingi zinazouzwa pamoja na makasha mapya yenye taa za rangi. Ni jambo ambalo tangazo la duka halisemi.

Mpaka wa sasa umechorwa na programu. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kwa upande wa Intel prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. OptiPlex 7010 ni ya kizazi cha tatu. Gemu ya Valorant hukagua TPM hiyo kwenye Windows 11 kabla ya kufunguka. Baadhi ya gemu mpya hudai pia amri za AVX2, ambazo Intel ilizianzisha mwaka 2013, na prosesa za kabla ya hapo haziwezi kuongezewa. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi za Ulaya zilizohama kwa sababu hiyo zimeziachilia mashine za kizazi cha sita na cha saba, zenye ramu ya DDR4. Mwishoni mwa mwaka huohuo bei ya ramu mpya ilipanda sana duniani, vituo vya data vya akili mnemba vikinunua kwa wingi, na mashine ya ofisi inayokuja na ramu yake tayari ikawa tena nafuu kuliko kuunda.