Jengo la Mjerumani, jengo la Kijerumani

Kiingereza kina neno moja, German, na hilo hilo linamtaja mtu, lugha na kila kitu chenye asili ya huko. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Mjerumani ni mtu, Kijerumani ni lugha au namna, Ujerumani ni nchi. Hadi hapo hakosei mtu. Kazi huanza neno linapokuwa sifa.

Chukua Kanisa la Azania Front, lile lenye paa la vigae vyekundu linalotazama bandari ya Dar es Salaam. Ni kanisa la Kijerumani ukitazama mjengo wake. Ni la Mjerumani ukikumbuka lilijengwa enzi za nani, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Lakini si la Ujerumani, maana mwenyewe ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT. La Ujerumani lingekuwa jengo linalomilikiwa na nchi hiyo. Mtafsiri akikosea kiambishi, amewagawia watu mali isiyo yao.

Hiyo "la Mjerumani" ndiyo tamu zaidi. Ni umoja, lakini anayetajwa ni dola nzima. Wazee husema Mjerumani alijenga reli, ile iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Hata Kariakoo, banda la soko la kwanza alilijenga Mjerumani. Mwingereza akauteka mji mwaka 1916, akaweka pale wapagazi wa jeshi lake, Carrier Corps, na jina la soko likatoka kwa hao wapagazi. Alichoacha Mjerumani midomoni mwa wachuuzi ni hela. Mwaka 1904 rupia ilipangwa upya iwe na heller 100, badala ya pesa 64. Heller ilikuja kuing'oa pesa, na leo muuza mitumba anazitaja zote mbili kwa pumzi moja.

Zamani Mjerumani aliitwa Mdachi, kutoka Deutsch. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitwaa pwani ya Mrima. Neno ni zuri, ila aliyezoea Kiingereza husikia Dutch, na huyo kwetu ni Mholanzi. Ningeliacha libaki kwenye maandishi ya historia. (Jamani, ingawa husikika kama German, haimo kabisa: hiyo ni ndugu ya jamaa, imetoka Uarabuni.)

Kuna pia German isiyohusu Ujerumani hata kidogo. Cousin german, yenye asili ya Kilatini, ni mtoto wa ami, wa shangazi, wa mjomba au wa mama mdogo. Kiswahili kitakudai useme yupi. German measles, ingawa yenyewe inawahusu Wajerumani, nayo isiwe "surua ya Kijerumani." Iliitwa hivyo kwa kuwa madaktari Wajerumani ndio waliotangulia kuieleza kama ugonjwa wa peke yake. Kliniki zetu husema rubela, na kampeni ya chanjo ya mwaka 2014 iliitwa surua-rubela.

Ukitaka kuona tofauti hizi zikifanya kazi, nenda maduka ya spea Gerezani. "Bosi, hii Mjerumani, siyo Mchina." Hapo Mjerumani ni bearingi. Boksi limeandikwa teknolojia ya Kijerumani, na mteja mzoefu haulizi bei kwanza. Analigeuza atafute mahali palipoandikwa nchi. Teknolojia ya Kijerumani inaweza kutoka kiwanda chochote duniani. Iliyotengenezwa Ujerumani ina bei nyingine.