Tajiri Ametoka Mbali

Mjomba wangu aliendesha daladala miaka kadhaa, na mwenye gari tulimjua kwa jina moja tu: tajiri. "Hesabu ya tajiri bado haijatimia," mjomba alikuwa akisema jioni, huku anapanga noti mezani. Mimi nilidhani tajiri ni mtu mwenye pesa nyingi, basi. Kumbe neno hilo lina safari ndefu.

Tumelipata kutoka Kiarabu, tajir, yaani mfanyabiashara, hata kama mfukoni hana kitu. Waarabu nao walilipokea kutoka Kiaramu: taggara. Katika Biblia ya Kisiria, ambayo ni Kiaramu cha Wakristo wa Mashariki, yule mtu wa Mathayo 13 anayetafuta lulu nzuri anaitwa taggara. Na Kiaramu chenyewe kilirithi neno hilo kutoka Kiakadi, lugha ya Babeli: tamkaru. Litamke harakaharaka uone m inavyomezwa na k inavyolainika kuwa g.

Sasa tazama tamkaru alikuwa nani. Katika sheria za Hammurabi, yapata mwaka 1750 KK, ndiye anayetoa fedha, nafaka, sufu au mafuta na kumkabidhi wakala azunguke nayo. Wakala akirudi, analeta hesabu. Sheria ya 105 inasema wakala akizembea, asichukue hati yenye muhuri ya fedha aliyompa tamkaru, fedha hiyo haihesabiwi. Ya 107 inamgeukia tamkaru: akikana alichorudishiwa, na wakala akamshinda mbele ya mungu na mashahidi, atalipa mara sita.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Mjomba alipeleka hesabu ya wiki nzima mkono kwa mkono, bila karatasi. Tajiri akasema hajaiona. Gari likachukuliwa, deni likabaki kwa mjomba, na kwetu tukala kwa kukopa hadi mwezi ukaisha. Hakukuwa na muhuri wala shahidi.

Kamusi zinatuambia tajiri ni mwenye mali nyingi. Sawa. Ila madereva wanajua zaidi: tajiri ni yule ambaye wewe unatembea na mali yake.

Siku hizi mjomba ana bodaboda moja, na kijana anayeiendesha humwita tajiri. Kila jioni mjomba huandika kiasi kwenye daftari, wote wawili wanatia sahihi.