Kutembea kwa Miguu Ndani ya Kuta za Gede





Hapa kwetu Gisenyi mji hauna ukuta. Upande mmoja tuna Ziwa Kivu, upande mwingine mpaka wa Kongo, na tumezoea kuwaona akina mama wakipanga mstari pale Petite Barrière, wakivuka kwa miguu na vikapu vyao kwenda kuuza Goma. Lakini mwaka 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya Korona, wengi wetu tulijua ukuta ni nini: ndugu yako yuko ng'ambo, karibu kabisa, na huwezi kumfikia. Wakati ule mwanangu aliniuliza, "Baba, watu wa zamani walijenga kuta za nini?" Nilipopata nafasi ya kufika pwani ya Kenya na familia, nikawapeleka Gede wakajionee.

Gede ni mji gani?

Gede (wengine huandika Gedi) ni magofu ya mji wa Waswahili karibu na Malindi, ndani ya msitu, kilomita chache kutoka baharini. Ulianza karne ya 12 hivi, ukastawi karne ya 15, na katika karne ya 17 ukaachwa mtupu. Mwaka 1948 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, alianza kuuchimbua. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuta mbili

Mji ulikuwa na kuta mbili. Ule wa nje ulizunguka eneo la ekari 45 hivi. Ndani ya ule wa pili ndimo zilimokuwa nyumba za mawe ya matumbawe, jumba la mtawala na Msikiti Mkuu. Watu wa kawaida walikaa kati ya kuta hizo mbili, katika nyumba za udongo. Leo kuta za matajiri bado zimesimama, na za maskini zimerudi kuwa udongo. Watoto waliliona hilo kabla sijawaambia.

Nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Fedha ya Kichina, na Nyumba ya Ushanga wa Venice. Hebu fikirini, ushanga mmoja kutoka Italia, umepita mikono mingapi mpaka kufika kwenye msitu ule!

Msikitini mihrabu inaelekea kaskazini, maana kutoka pwani ile Makka iko kaskazini. Kando kuna kisima na birika la kutawadhia. Hatua chache kutoka hapo tulilikuta kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Binti yangu alihesabu: zaidi ya miaka 600. Tukawaombea dua wote waliolala pale.

Kwa nini waliondoka?

Wataalamu hawatoi sababu moja. Wanataja maji ya visima kushuka, mashambulizi yaliyoitikisa pwani kuanzia mwishoni mwa karne ya 16, na mtawala wa Malindi kuhamia Mombasa wakati wa Wareno, biashara ikamfuata. Ukuta unaweza kumzuia adui mlangoni, lakini hauwezi kuzuia kisima kukauka.

Sisi tunahusikaje?

Watu wa Gede si babu zetu wa damu. Lakini lugha ninayoandikia hapa ilikua katika miji kama ule, kisha ikapanda bara na misafara ya biashara. Rwanda ililetwa na wafanyabiashara, askari na makarani waliofika wakati wa Wajerumani, na Uislamu ukaja pamoja nao. Msikiti wa Al-Fatah, Nyamirambo, Kigali, ulijengwa mwaka 1913. Mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya nchi yetu.

Mazingatio

1. Tusijivunie kuta. Mji huishi kwa maji, biashara na watu wanaosaidiana.

2. Tusidharau vitu vidogo. Mkasi na taa vimetueleza maisha ya watu ambao majina yao hatuyajui.

3. Tuandike. Kaburi lile linasema nasi kwa sababu kuna mtu aliandika mwaka.

Hili la tatu ndilo lililoniuma. Marehemu baba yangu alijua babu alifika Gisenyi kwa njia gani na pamoja na nani. Nilikuwa nikisema nitamuuliza kesho. Amefariki, Allah amrehemu, na sasa najua zaidi kuhusu Gede kuliko kuhusu nyumba ya babu yangu mwenyewe.

Basi wanafunzi, hii ndiyo kazi yenu ya wiki hii: mchukue mzee mmoja wa nyumbani, mtembee naye mtaani polepole kwa miguu, mumuulize nani alikaa wapi, alitoka wapi, alikuja mwaka gani. Kisha mwandike kwenye daftari, pamoja na tarehe.

Wabillahi tawfiq.